Zohali Yenye Sindano

Shamba la Ngano, upande wa Gehandu
Jumapili, 18 Januari 1981

Kwako Xavery, mtoto wa kaka yangu,

Habari za chuoni na baridi ya huko? Sisi tupo. Bibi yako alishuka kutoka Endagikot baada ya Krismasi, yuko hapa kwangu, na tangu afike ndiye anayeamua chumvi ya mboga. Baba yako ameleta salamu na nusu debe ya maharage. Yule fahali mwenye baka amepona mguu. Mvua: Jumatatu milimita nne, Alhamisi kumi na moja, siku nyingine zote sifuri. Nakuandikia kwa sababu najua hutauliza.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka yule mtaalamu wa mbegu kutoka ng'ambo, mrefu, aliyekuwa akiwaamkia watu wote shikamoo hadi watoto? Amerudi kwao. Siku ya kuondoka aliniita ofisini akasema, "Bernadina, miaka sita umesoma kipimo cha mvua kila siku saa tatu asubuhi, na siku ya sifuri umeandika sifuri. Chukua hii." Akanipa darubini. Si ile ya kuning'iniza shingoni. Ni bomba refu kama mkono wangu, lina miguu mitatu, na mmoja ulikuwa umevunjika. Fundi wa karakana ameuunga kwa boliti ya haro ya trekta.

Nimeisimamisha uani, kati ya banda la kuku na kamba ya nguo. Alfajiri bibi yako akiamka kukamua, nami naamka. Kuna nyota mbili kubwa zimekaa pamoja huko juu. Ukinyoosha mkono, kidole kimoja kinazifunika zote mbili. Karatasi ya nyota aliyoniachia mzungu inasema ile inayong'aa zaidi ni Mshtarii, ambaye ninyi wasomi mnamwita Jupita, na mwenzake ni Zohali. Mshtarii ana mistari miwili tumboni na vinyota vinne ubavuni. Jana vilikuwa vitatu kushoto na kimoja kulia. Leo viwili kwa viwili. Nilimwita bibi yako atazame. Akatazama kitambo, akasema, "Ana ndama wanne, na hakuna aliyewafunga."

Nimecheka siku nzima. Miaka arobaini na sita, Xavery, na sikujua kwamba juu ya banda langu la kuku kuna mambo hayo.

Soma kwa bidii. Usikae na njaa kwa ajili ya kununua viatu.

Shangazi yako,
Bernadina Sulle


Chuoni
Jumapili, 15 Februari 1981

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Shikamoo nyingi kwa Bibi pia, na umwambie chumvi ya huku chuoni haiamuliwi na mtu yeyote, inajiendea tu. Barua yako ilikaa njiani wiki tatu. Mimi ni mzima. Mtihani wa Novemba ulinikwaruza kidogo, si jambo la kukusumbua.

Shangazi, barua yako imenijia wakati ambao ningeiomba. Sisi wa mwaka wa mwisho kila mmoja lazima atengeneze zana ya kufundishia, kisha aitetee mbele ya wakufunzi na msimamizi kutoka nje ya chuo, tarehe 26 Juni. Nisipopita hapo sipewi cheti, narudi nyumbani mikono mitupu. Wenzangu wote wanatengeneza volkano ya udongo. Ziko volkano kumi na mbili bwenini kwetu, hatuna pa kuweka ndoo.

Mimi nataka kuning'iniza michoro ya sayari hizo mbili, iliyochorwa na mtu aliyeziona kwa macho yake, hapa hapa nchini. Nani mwingine ataleta kitu kama hicho? Nakuomba uchore kila wiki, uandike tarehe. Chini nitaandika "Imeonwa na B. Sulle". Usisahau pete ya Zohali, hiyo ndiyo watu wanaipenda.

Usimwambie Baba habari ya cheti.

Mtoto wako,
Xavery


Shamba la Ngano
Jumapili, 22 Machi 1981

Mwanangu Xavery,

Tumepokea salamu. Bibi yako mgongo unamsumbua, lakini mdomo ni mzima. Ngano imeshapandwa, na matrekta yametulia kidogo. Wiki hii milimita thelathini na saba. Mawingu yamenisumbua sana, siku nyingine nimekaa uani saa nzima nikitazama blanketi.

Nakutumia michoro saba ya Mshtarii na saba ya Zohali, ya kwanza ni ya Januari, nami nimebaki na nakala. Nimechora kama ninavyojaza kitabu cha mvua: tarehe, saa, hali ya anga, nilichokiona. Mshtarii utampenda. Siku moja ndama mmoja hakuwepo kabisa, nikadhani nimepofuka. Baada ya saa moja akachomoza ubavuni mwa mama yake. Alikuwa amejificha nyuma. Nilipiga makofi peke yangu kama mtu aliyefunga goli.

Zohali ni tofauti. Hiyo pete unayoisema, mimi nimeona mpira mdogo wa rangi ya siagi, na mstari mwembamba umetoboa katikati, umetokeza huku na huku. Kama sindano iliyopitishwa kwenye harage. Ndivyo nilivyouchora.

Mzee Gidahosh, yule jirani yetu Mbarabaig mwenye ng'ombe upande wa bondeni, amekuja kutazama. Yeye hakushangaa kuona nyota hizo mbili pamoja. Alisema, "Hawa walikutana tena mwaka wa Uhuru, alfajiri, wakati wa kiangazi. Nilikuwa nachunga mbali, nikawaona. Halafu wakaachana." Miaka ishirini, na ameweka kichwani bila kalamu. Nilimwamkia upya.

Chunga michoro isilowe.

Shangazi B.


Chuoni
Pasaka, 19 Aprili 1981

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka kwako na kwa Bibi. Tumekula nyama leo, kila mtu vipande viwili, tumshukuru Mungu.

Michoro imefika salama. Ya Mshtarii imesifiwa na kila mtu. Lakini Shangazi, ya Zohali imenitia aibu. Nilimwonyesha Mkufunzi Tadei, ndiye anayetusimamia sayansi. Alicheka mbele ya darasa zima. Akafungua kitabu, akatuonyesha picha: pete pana kama ukingo wa kofia. Akaniuliza, "Shangazi yako anashona nguo au anatazama nyota?" Tangu siku hiyo naitwa Sindano, hata na wapishi.

Sisemi umekosea kwa makusudi. Labda kioo kina vumbi, au macho yamechoka, si unajua umri nao. Nakuomba uchore upya, na pete iwe pana kama ya kitabuni. Ni mchoro tu, Shangazi. Hautaumiza mtu. Mimi ndiye nitakayeumia, kwa sababu sasa nikuambie ukweli: Novemba sikukwaruzwa, nilianguka. Mradi huu ndio kamba yangu ya mwisho.

Nasubiri kwa hamu.

Xavery


Shamba la Ngano
Jumapili, 10 Mei 1981

Xavery,

Bibi hajambo. Mvua milimita tisa.

Sichori.

Kioo nimekipangusa kwa kitambaa safi mara tatu. Macho yangu yanasoma milimita kwenye kioo cha kipimo bila miwani. Hata hivyo barua yako ilinifanya nilie, maana nilijiuliza kama kweli nimezeeka na sijui. Basi nikamwita Mzee Gidahosh. Sikumwambia neno. Wakati huu nyota hizo zinakuwa juu ya utosi saa tatu usiku, hivyo alilala chali juu ya ngozi ya ng'ombe akatazama. Kisha nikamwomba achore chini kwa fimbo alichokiona. Akachora duara, akapitisha mstari. Mzee huyu hajawahi kushika kitabu chenye picha ya Zohali, hajui pete, hajui Mkufunzi Tadei.

Mwaka 1977 bwana mmoja, simtaji, alinitaka niandike milimita ishirini siku ambayo hapakunyesha hata tone, ili ionekane alipanda ngano kwenye unyevu. Nilikataa. Sikupandishwa cheo mwaka ule wala uliofuata, na sijawahi kukuambia. Leo nakuambia. Sikuandika uongo kwa ajili ya bwana mkubwa, sitauchora kwa ajili ya mtoto ninayempenda.

Umri nao! Haya, nimesikia.

B. Sulle


Shamba la Ngano
Jumapili, 14 Juni 1981

Xavery mwanangu,

Umenyamaza wiki tano. Kama umekasirika, kasirika, lakini barua hii isome yote kabla ya tarehe 26. Nimempa Sebastiani, dereva wa lori la ngano, akaiposti Arusha, isije ikalala Katesh. Sisi ni wazima. Baba yako anauliza habari zako, nimemwambia unasoma sana.

Nimeipata sindano.

Alhamisi asubuhi yalianguka manyunyu, milimita moja tu. Nilichuchumaa kwenye kipimo, maana kile kioo hakisomwi ukiwa umesimama, lazima jicho liwe usawa wa maji. Bibi yako alikuwa ng'ambo ya uzio, amekaa kwenye kigoda, anapepeta maharage. Nikainua macho hivyo hivyo nilivyochuchumaa. Ungo ulikuwa usawa wa jicho langu. Sikuona duara, Xavery. Niliona mstari umepita tumboni mwa bibi yako, umetokeza huku na huku.

Nikasema, "Mama, usisogee." Akasema, "Nyoka?" Nikasema, "Hapana, Zohali." Akanitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. Kisha akauinamisha ungo kwangu kumwaga makapi, na mstari ukafunguka, ukawa duara pana.

Umeelewa? Pete ni ungo. Yule wa kitabuni alitazama siku ungo umeinamishwa kuelekea kwetu. Mwaka huu tunautazama ubavuni. Kitabu hakikudanganya, na mimi sikudanganya. Nimerudi kwenye nakala za michoro yangu yote, nikazipanga chini: ya Januari sindano ni nene kidogo, ya Machi ni nyembamba, ya juzi ni uzi. Ungo unageuka pole pole mbele ya macho yangu tangu Januari, na mimi nilidhani ni mkono wangu unatetemeka. Nakutumia ya juzi uone.

Omba ungo jikoni siku hiyo. Simama nao mbali. Waache watazame.

Usiogope. Ulijifunza kutembea kwa kushika kanga yangu, na hukuanguka mara nyingi.

Shangazi yako


Chuoni
Jumapili, 5 Julai 1981

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo shikamoo hii naisema nimepiga magoti, uniamini usiniamini.

Nina jambo la aibu, nalitoa kwanza ndipo nikueleze mengine. Kunyamaza kwangu hakukuwa hasira. Ulipokataa, nilikaa siku mbili, kisha nikachukua karatasi ya manila nikachora mwenyewe Zohali yenye pete pana, nikaipaka rangi. Chini nikaandika: "Imeonwa na B. Sulle, Gehandu, 20 Mei 1981." Mkufunzi Tadei akaipenda sana. Ikaning'inizwa ukutani mwezi mzima. Kila nikipita nilikuwa natazama chini. Jina lako, Shangazi, ambalo halijawahi kuandika mvua isiyonyesha, mimi nililiweka kwenye uongo.

Barua yako ilifika tarehe 25, jioni, kesho yake ikiwa zamu yangu. Nikaisoma chini ya taa ya bweni mara nne. Asubuhi nilikwenda darasani kabla ya kengele, nikaing'oa ile manila, nikatundika sindano zako zote nane. Kisha nikaenda jikoni kuomba ungo. Mpishi akaniuliza, "Sindano, sasa unapepeta?" Nikamwambia leo utaona.

Wenzangu walitangulia na volkano zao. Moja ilikataa kutoa moshi. Nilipoitwa, Mkufunzi Tadei akasema, "Ile picha nzuri iko wapi?" Nikajibu, "Ile niliichora mimi, Mwalimu, nikamsingizia mtu mwingine. Hizi ndizo zilizoonwa." Msimamizi kutoka nje ni mama mmoja, Mwalimu Zita, mtu wa hesabu, hacheki ovyo. Akasema, "Endelea."

Nilimwomba Mkufunzi Tadei mwenyewe ashike ungo, asimame mwisho wa darasa, aulaze usawa wa tumbo. Shangazi, ana tumbo zuri la kazi hiyo. Nikawaomba wote wachuchumae. Wakufunzi wanne na wanafunzi arobaini, wote chini. Nikauliza, "Mnaona nini?" Darasa zima likajibu, "Sindano!" Nikamwomba auinamishe. Wakasema, "Pete!" Nikawapeleka ukutani, Januari, Machi, Juni.

Mkufunzi Tadei alisema ungo si ushahidi. Mwalimu Zita akatazama tarehe zako na saa zako na hali ya anga yako, akauliza, "Huyu B. Sulle ni nani?" Nikamwambia ni shangazi yangu, anasoma kipimo cha mvua, hata sifuri huandika sifuri. Akafunga daftari. Akasema atapita Katesh tarehe 25 mwezi huu akienda Singida, na alama yangu haandiki mpaka atazame kwa jicho lake.

Kwa hiyo cheti changu kiko uani kwako, kati ya kuku na nguo. Ile manila ya uongo nimeikunja humu ndani. Ichome jikoni, tafadhali.

Nisamehe.

Xavery


Shamba la Ngano
Jumapili, 26 Julai 1981

Xavery,

Tumefurahi kusikia u mzima. Fahali mwenye baka ameuzwa, usiulize, baba yako ndiye alitaka. Ngano inavunwa, kombaini zinanguruma mchana kutwa, vumbi mpaka kwenye uji. Mvua sifuri.

Kwanza nimekasirika. Nimesoma habari ya jina langu, nikaiweka barua chini ya godoro siku tatu nisiione. Sasa hasira imebaki kidogo, nitakupa ukija.

Mgeni wako alifika jana saa kumi na moja jioni, juu ya lori la magunia, kitambaa kichwani, amejaa vumbi kuliko sisi. Nilimpa maji, nikampa maziwa. Tangu mchana wingu lilikuwa limefunika kichwa cha mlima Hanang, na nikaona linateremka kuja kwetu. Nilisema moyoni, miaka sita nimekuwa nikisubiri mawingu, leo tu yaniache.

Kombaini zikazimwa. Watu wakaanza kuja bila kualikwa: madereva, mafundi, wake zao, Mzee Gidahosh na wake zake wawili na fimbo yake. Saa moja na robo wingu likakatika upande wa magharibi, na wale wawili walikuwa pale juu ya mabua ya ngano, wamesogeleana tena kama Januari. Watu wakasema "aaa" wote pamoja.

Nikaelekeza bomba. Mwalimu Zita akavua miwani, akainama. Akakaa sana. Bibi yako akachoka, akaniuliza kwa Kiiraqw kama mgeni amelala. Hatimaye mama yule akanyoosha mkono nyuma bila kuondoa jicho, akasema, "Nipeni karatasi na kalamu." Nikampa ukurasa wa daftari la mvua. Akachora, akatazama, akachora. Mpira mdogo, na uzi umetoboa katikati. Chini akaandika kwa mkono wake: "Imeonwa na Zita Qamara, 25 Julai 1981, saa 1.30 jioni, anga safi."

Akawageuzia watu ukurasa ili wote waone. Akasema, "Huu nitampelekea Mkufunzi Tadei mwenyewe." Halafu akatoa daftari lake na kuandika alama yako mbele yangu. Xavery, hakuna volkano iliyofika hapo. Umepita, mwalimu wangu! Nilimkumbatia mtu wa hesabu kama tumezaliwa pamoja. Wake za Gidahosh wakapiga vigelegele bila kujua sababu, na bibi yako akatembea uani ameinua ungo wake juu ya kichwa, anamwambia kila mtu, "Ni huu. Ni huu hapa."

Ile manila yako sijaichoma. Nimeitazama vizuri: umechora kwa mkono mzuri, kosa lake ni tarehe tu. Ungo unageuka, hautabaki ubavuni daima. Siku utakapofunguka sawasawa na ulivyouchora, nitaifuta tarehe yako ya uongo na kuandika ya kweli. Mpaka siku hiyo manila inakaa chini ya godoro langu, nami nailalia.

Njoo na cheti. Bibi anataka kukishika.

Shangazi yako, Bernadina


Shamba la Ngano
Jumapili, 14 Juni 1987

Kwako Mwalimu Xavery, Endagikot,

Msalimie mkeo na mtoto, na mjukuu wangu huyo aache kula udongo. Mimi naendelea vizuri, goti tu. Jana nilikwenda kusafisha kaburi la Bibi, mwaka wa pili sasa. Ungo wake uko ukutani kwangu, hakuna anayepepetea. Mvua sifuri.

Jana saa mbili usiku nilitoa darubini. Mwezi ulikuwa haujachomoza. Xavery, imefunguka. Pana, kama ukingo wa kofia, na giza linaonekana kati ya pete na mpira. Niliikimbilia manila chini ya godoro, nikaishika kando ya bomba, nikatazama huku, nikatazama huku. Ni ile ile. Ni mkono wako kabisa.

Nimefuta tarehe ya zamani kwa wembe, pole pole, karatasi isitoboke. Jina langu nalo nimelifuta. Pale palipoandikwa "Imeonwa na" nimeacha nafasi wazi ya jina na ya tarehe. Mchoro ni wako, mimi sisaini kazi ya mtu mwingine.

Lori linaondoka Mbulu Ijumaa. Lete na darasa lako lote. Kalamu iko hapa.

Shangazi